Sweta Jekundu la Shangazi

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu karibu na Laela, wingu likianza kufunga bibi alitukagua mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu. Mwenye nguo nyekundu aliivua hapo hapo. Nyekundu huita radi, na kwetu Ufipa radi haipigi tu, hutumwa. Ndivyo nilivyolelewa kuamini, na sijui kama nimeacha.

Shangazi Anastazia, dada yake baba, alikuwa amerudishwa nyumbani na mumewe kwa kukosa mtoto. Aliolewa akiitwa Anastazia, akarudi akiitwa mgumba. Watu walilitamka neno hilo bila ukali, kama unavyosema fulani ni mrefu, naye aliitika, maisha yakaendelea. Mmoja tu hakuwahi kulitumia: Mama Deo, jirani yetu. Walikuwa mashoga tangu usichana, na Deo, mwanawe wa pekee, alikula kwetu kuliko kwao.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Malori ya wanunuzi yalikuja kubeba mahindi, na nyuma yake wakaja wauza mitumba. Shangazi akajipatia sweta jekundu, zito, lenye vifungo vikubwa. Alilivaa kanisani, alilivaa kisimani, na mimi niliona hakuna mwanamke mzuri kumshinda.

"Vua hilo sweta, wingu linafunga," bibi alimwambia mchana mmoja. "Utatuletea mambo."

"Nguo tu hii, mama," shangazi akacheka, akakimbilia uani kuanua nguo.

Radi ikapiga. Yeye haikumgusa. Ilimpiga Deo, aliyekuwa akirudisha mbuzi ng'ambo ya njia, akafa pale pale.

Laiti wangekuja na mapanga, ingekuwa rahisi kuwachukia. Walizika, wakalia, na walipotoka makaburini shangazi alikuwa na jina jipya: mwenye radi. Mgumba kamwonea wivu mwenye mtoto, basi. Neno la kwanza lilikuwa limeliandalia la pili kiti. Sweta alilichoma mwenyewe jikoni, haikusaidia.

Ukafika wakati wa matuta. Kwetu ni matuta ya duara, nyasi hufukiwa chini ya udongo zioze, na lazima yapigwe ardhi ikiwa bado na maji. Mtu mmoja hayawezi. Unapika pombe ya ulezi, unaalika majirani, wanalima asubuhi na kunywa mchana. Asiyejiwa na mtu hana shamba mwaka huo, na mwanamke aliyeachika, asiye na shamba, kijijini anakaa kwa lipi? Shangazi alipika. Alipita nyumba kwa nyumba, na kila mlango alijibiwa kwa adabu zetu zote: "Tutakuja, dada, Mungu akipenda."

Siku yenyewe tulikuwa watatu shambani, yeye, bibi na mimi. Baba alisema ana safari ya Sumbawanga mjini. Jua likapanda, mtungi umefunikwa majani, njia nyeupe.

"Mama Deo akija, watakuja wote," shangazi alisema. Akasema tena. Akasema tena.

Mama Deo akaja. Tulimwona tangu mbali, na kitambaa chake cha msiba kichwani. Shangazi akachota pombe kwenye kibuyu, akapiga goti, akakinyoosha kwa mikono miwili.

"Karibu, mwenzangu."

"Nimefuata jembe langu," alisema Mama Deo.

Lilikuwa limekaa kwetu tangu msimu uliopita. Shangazi akaweka kibuyu chini, akalifuta jembe udongo kwa khanga yake mwenyewe, akampa. Mama Deo akaondoka bila kugeuka, mabega yakitikisika. Nadhani alikuwa akilia. Haikubadilisha kitu.

Shangazi alimwaga pombe yote mtaroni, bibi akimtazama. Juma lile alipanda lori la mahindi pale Laela, na hatukupata habari zake tena. Nyumbani jina lake likakoma. Hata bibi, mama yake mzazi, alisema "chungu cha yule" na "kitanda cha yule." Nilimchukia bibi kwa hilo, nikamlilia shangazi kwa kujificha.

Siku hizi naishi mjini Sumbawanga. Nimewalaumu miaka yote watu wale ambao hawakuja shambani. Juzi binti yangu alitoka shule, na sweta la shule yao ni jekundu. Mbingu ikanguruma. Nikamvua kwa nguvu hadi kifungo kikang'oka, na nikajua kwamba ningekuwa mtu mzima mwaka ule, nisingekwenda mimi pia.

"Mama, kwani kuna nini?" akauliza, akikaribia kulia.

Nilitaka kumwambia kuwa alikuwa na bibi mwingine, shangazi yangu, aitwaye Anastazia, aliyependa kucheka.

"Kulikuwa na yule..." nikasema, nikashindwa. Nikalikunja sweta, nikalificha chini ya godoro hadi mvua ilipokatika.