Mke wangu hataki kurudi mpaka gari langu linyamaze

Admin, jina langu libaki kwako, maana hapa Kahama nikitajwa tu watu watakuja kuangalia gari. Mimi ni mwanaume wa miaka 36, naishi Nyahanga, nina mke na watoto wawili. Nauza vipuri vya karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na mara kwa mara napeleka mzigo Masumbwe. Sinywi, sina mchepuko. Starehe yangu ni moja tu, gari, na hiyo moja ndiyo imenifanya siku hizi nisonge ugali mwenyewe na kuula peke yangu.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani. Nimelibadilisha turbo, nozeli za kupulizia mafuta na ekzosi, kisha fundi akaipanga upya kompyuta ya injini kwa laptop ili iendane na vifaa hivyo. Nikamwomba aongeze na ile milio: ukiachia pedeli ya mafuta tu, ekzosi inapiga pa! pa! pa! kama bunduki. Kwenye misafara ya harusi mimi ndiye natangulizwa mbele. Nisiwadanganye, naupenda ule mlio. Nikiingia mtaani nao najiona mtu.

Sasa mke wangu alipojifungua mtoto wa pili, mama yake akaja kumsaidia. Sisi ni Wasukuma, na mkwe ni mkwe: simwangalii usoni, simpi mkono, hatuli meza moja. Muda wote aliokaa nilikuwa nakohoa kwanza ndipo niingie kwangu mwenyewe! Siku ya kumrudisha kwao Kishapu alikaa nyuma ya kiti changu ili tusionane, na mke wangu, nimwite Mama Kabula, akawa mkalimani wetu.

"Mama anauliza kama dirisha linaweza kupandishwa kidogo."

"Mwambie mama sawa."

Hivyo hivyo njia nzima. Kabla hatujaondoka Mama Kabula alinionya, "Baba Kabula, leo usitupigie mabomu yako." Nikaitikia, nikijua moyoni kwamba milio ile haisubiri ruhusa yangu. Imo ndani ya programu. Nilichoweza ni kuendesha kwa upole, na niliendesha kwa upole kweli, mpaka tulipokaribia mnadani Mhunze. Ng'ombe wakaingia barabarani, nikaachia mafuta ghafla.

Pa! pa! pa! Ng'ombe wakatawanyika, wauza mitumba wakalala chini, mtu mmoja akapiga yowe, "Majambazi!" Nilipofunga breki tu mama mkwe akamlilia mama yake kwa Kisukuma, "Mayu wane!" akafungua mlango akatoka mbio. Kanga yake ikanaswa mlangoni. Na mimi kwa kiherehere changu nikageuka kutazama. Mwanamke ambaye hata sura yake sijawahi kuikazia macho, nimemwona katikati ya mnada akiwa na gagulo tu.

Mke wangu alishuka na mtoto mgongoni na mkubwa wetu Kabula mkononi, akamfunika mama yake, wakapanda bodaboda mbili. Hakunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Aibu ya namna hiyo kwetu ina taratibu zake. Wazee wa ukweni waliniambia nipeleke mbuzi, nikampeleka, akachinjwa, wakasema yameisha. Nikadhani narudi na familia yangu. Mama Kabula akanijibu hapohapo uani, "Mbuzi ameyaosha macho yako. Gari lako nani ataliosha? Likinyamaza, nitarudi."

Nikaenda kwa fundi. Akaniambia naweza kurudisha programu ya kiwandani, ila hiyo haizitambui nozeli zangu wala turbo, hivyo bila kurudishia na vifaa vya zamani nitaua injini. Vifaa vyenyewe nilishavigawa kwa mbwembwe. Au aniwekee programu mbili, moja ya kimya na moja ya milio, na swichi ya kubadilisha. Hapo nilifurahi nikapiga simu Kishapu palepale.

"Hiyo swichi inakaa upande wa nani?" mke wangu akauliza.

"Upande wangu, karibu na usukani."

"Basi ni kidole chako kilekile." Akakata.

Likabaki la tatu: nguvu ibaki, milio ifutwe kabisa, kisha programu ifungwe kwa namba ya siri. Asiye na namba haingii, hata fundi mwenyewe. Nikapiga tena, nikamwambia namba nitampa yeye, mke wangu. Alicheka, tena kicheko cha kuumiza. "Mimi utanibembeleza siku mbili nitakupa. Najijua. Namba aweke mama."

Jamani! Mama mkwe, ambaye hata maji ya kunywa sijawahi kumwomba! Nozeli zangu hazidumu kwa mafuta ya madumu ya huko machimboni, na kila zikibadilishwa kompyuta inatakiwa kupangwa upya. Siku hiyo nitamwambiaje? Nitume wazee na mbuzi mwingine wakaniombee namba ya gari? Rafiki zangu wananicheka, wanasema mwanaume gani anapangiwa injini na ukweni. Lakini wao jioni wanakuta watu ndani. Mimi namkuta yule fundi kwenye simu akiuliza afungue laptop au aendelee na magari ya wenzangu. Nimechoka, nina hasira, na mtoto wangu mchanga ameanza kucheka nikiwa sipo.

Jana usiku Kabula amenipigia kwa simu ya mama yake. "Baba, bibi anasema namba ameshaichagua. Na anasema hata wewe ukiota, hutaijua."

Ndugu zangu, mngekuwa mimi, mngemruhusu fundi afunge?