Mama Pacha na Kazi ya Kuzimia

Mama Pacha alikuja dukani kwangu, ninakokodisha viti vya mikutano, akitaka kazi ya kampeni.

"Unaweza nini?"

"Kuzimia, kaka. Mgombea akihutubia, naanguka kwa furaha."

Nikampeleka kwa mgombea ubunge wangu. Mpinzani, waliyekabana naye koo, akataka kumnyakua Mama Pacha kwa kumpa cherehani. Wangu naye akaahidi cherehani.

"Ahadi haishoni," alisema Mama Pacha.

Mkutano wa mwisho, mgombea alihutubia mpaka sauti ikakauka. Mama kasimama wima kama nguzo. Cherehani ikaletwa mbio. Akaikumbatia, ndipo akazimia. Hakuiachia, ikabidi wabebwe wote wawili hadi nyumbani kwake.

Mgombea alishindwa kwa kura chache, na wafuasi wake wakaondoka na viti vyangu. Mama Pacha anashona sare za shule.