Barua za Papa Juu ya Kanivo

Mwezi uliopita nilitumwa kwenye semineri kule Himbi, mimi sekretere wa biro ya kartie, ofisi ya mtaa. Chai ilikuwa na maziwa, na bwana mmoja mwenye jile, kile kizibao cha mashirika, akatugawia karatasi: andikeni, ni nini kinachowasukuma viongozi wa chini kufanya kitu juu ya mabadiliko ya hali ya hewa? Wenzangu waliandika sheria, bajeti, elimu. Mimi niliandika neno moja, nikalifuta. Nimechoka, jamani. Jibu ninalo, ila si la kuandika pale.

Papa wangu, baba aliyenizaa, alikaa Katoyi, mwisho wa avenue, pale inapoinama. Zamani mvua ilikuwa na adabu, ilikuja kwa msimu wake, ikanyesha, ikaenda. Siku hizi inapotea wiki nzima, halafu inashuka kwa saa moja na hasira zake zote. Kanivo ya avenue, ule mfereji wa kando ya barabara, ilikuwa imejaa chupa za plastiki na changarawe nyeusi ya volkano. Maji yote yaliishia kwa Papa. Aliinua kitanda juu ya mawe, kisha akaongeza mawe mengine.

Alikuwa mutu wa Butembo, amechuuza maharagi miaka mingi, amepita vizuizi vingi barabarani, na kila kizuizi kilimfundisha jambo moja: karatasi yenye kashe, yaani muhuri, ndiyo inayopita. Basi akamwandikia shefu wa kartie kuomba kanivo ifunguliwe. Akaleta nakala mbili biro, kama inavyotakiwa. Na wa kuzipokea ni nani? Ni mimi, binti yake. Nikapiga muhuri zote mbili, "imepokelewa", moja nikamrudishia, nyingine nikaitia kwenye faili.

"Sasa imeingia," akasema, uso unang'aa. "Watachimba."

Hawakuchimba. Msimu uliofuata akaleta nyingine. Nakala zake alizitundika kwenye msumari sebuleni, na mgeni akiuliza habari za maji, Papa anamwonyesha kashe. Mimi nilijua faili ile inalala tu. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nikiisukuma ya Papa watasema sekretere anapendelea kwao. Aibu hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo, na hadi leo inaniuma.

Barua ya saba aliileta akikohoa.

"Papa, kuja ukae kwangu mupaka mvua iishe," nikamwambia.

"Aka! Nikitoka watasema mwenye kuomba amehama. Piga kashe, mama."

Nikapiga. Alikufa kabla ya Pasaka. Daktari alisema ni kifua.

Kwetu mfanyakazi wa biro akifiwa, biro nzima inakuja kukaa matangani, na shefu anapewa kiti cha mbele. Tulifunga turubai la shitingi barabarani, jeneza likiwa sebuleni juu ya mabenchi mawili. Saa sita mchana mvua ikashuka. Maji yakaja na chupa zake, yakapita chini ya viti, yakaingia ndani kama yalivyozoea. Benchi moja likayumba.

"Yesu Maria, jeneza!" mama mmoja akapiga kelele.

Wanaume wanne wakaingia mbio wakalidaka, na mmoja wao alikuwa shefu, suruali imelowa hadi magotini, Papa begani mwake. Walisimama hivyo muda mrefu, maana hapakuwa na pahali pakavu pa kumweka.

Wamama wa avenue yetu hawana huruma. "Shefu, kiatu chako kile kinaenda! Ukiandikie barua!" Watu wakacheka, mbele ya marehemu. Mimi pia nilicheka, halafu nikalia mpaka nikakosa pumzi.

Jumatatu asubuhi shefu hakuuliza bajeti wala faili. Aliita salongo, ile kazi ya wote, watu wakaja na baramini za kupasulia mawe, naye akasimama pale hadi jioni. Wiki haikuisha kanivo ikafunguka. Mvua iliyofuata maji yalipita kando ya nyumba ya Papa bila kugusa mlango, na ndani hamkuwa na mtu.

Juzi mama mmoja wa avenue ya pili alikuja biro na nakala zake mbili. Maji yanaingia kwake, na mume wake ni mgonjwa, amelala tu.

"Mama sekretere," akaniuliza, "ninyi kule mulifanya je mupaka wakachimba? Muliandikia nani?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. "Tuliandika mara saba, mama. Halafu tukafiwa."

Alizisogeza tu karatasi zake mbele yangu na kungoja kashe. Sikupiga. Nilimshika mkono, nikafungua mlango wa shefu bila kubisha, naye yuko na wageni wake.

"Shefu, simama," nikamwambia. "Twende tumwone huyu papa angali hai."