Nilimnunulia Tata e-reader ya inchi 6 bila kuangalia vidole vyake

Wakuu, habari za humu ndani.

Juzi kuna mdau aliuliza achukue e-reader ya inchi 6 au 7, mkammwagia specs mpaka akapotea. Mimi nilipita kimya, bado nilikuwa na hasira zangu. Leo nasimulia yaliyonipata, na chumvi siongezi, yalikuja nayo ya kutosha.

Baba yangu, sisi tunamwita Tata, ni mchongaji wa mawe ya sabuni huko Tabaka. Sisi ni Wasabato, na kanisani kwetu yeye ndiye mwalimu wa lesoni, yaani somo la kila Sabato, tangu mimi sijazaliwa.

Miaka miwili hii macho yamemfifia. Herufi za kijitabu cha lesoni anaziona kama siafu. Simu nayo mwanga wake unamuumiza.

Basi Mama akawa anamsomea kila jioni, naye anakariri. Sabato ikifika anasimama, anafungua kijitabu, "anasoma". Siri hiyo tuliijua watatu tu. Au ndivyo tulivyodhani.

Halafu mambo yakagongana wiki moja. Mama akaitwa Ekerenyo kumuuguza dada yake. Na Mzee Abel, mzee wa kanisa, akamwambia Tata kwamba Sabato hiyo watamsikiliza, na kama macho yanamsumbua, lesoni itapewa mtu mwingine.

Tata akanipigia simu. Hakulalamika, ila aliniuliza mara mbili Mama atarudi lini, na mimi nikaogopa. Mtu kama yule ukimpeleka benchi ya nyuma umemzika akiwa anapumua.

Mimi niko Kisii mjini, nauza dawa kwenye chemist. Nikaona dawa ya hili ninayo. Kwa muda mrefu nilikuwa naangalia review za e-reader, hivi vidude vya kusomea vitabu, skrini isiyochoma macho, karibu sawa na karatasi. Nikaagiza Nairobi haraka haraka: inchi 6, nyepesi, inaingia mfukoni mwa koti, ina taa yake, touch laini. Ile yenye vitufe vya kufungulia kurasa nikaiona ya kizamani.

Mzigo ukachelewa. Ulifika Ijumaa saa kumi jioni.

Kama hujakaa na Wasabato, elewa hivi: Ijumaa jua likizama, kazi imekwisha. Hakuna kununua wala kuchezea mashine; kuisomea Neno kanisani ni ibada, hiyo sawa, ila kuijaribujaribu ni kazi. Nilifika nyumbani jua likiwa limebaki kama vidole viwili juu ya kilima. Jasho linanitoka.

Lesoni ilikuwa PDF. Nikaifungua, herufi zikawa ndogo kuliko za kijitabu! Ukivuta zikue, mstari unakimbilia nje ya skrini. Nilitaka kulia. Nikaibadilisha faili kwenye simu iwe ya mistari inayojipanga yenyewe, nikairudisha, jua likibusu kilima, nikakuza herufi mpaka Tata akasema, "Hapo. Hapo naona."

Akasoma. Kwa sauti. Mara ya kwanza baada ya miaka miwili nikamsikia baba yangu akisoma kitu ambacho hajakariri. Nikageuka nijifanye natafuta charger.

Ila kwa herufi zile, skrini ilibeba maneno kama kumi na tano tu. Nikamwambia, "Tata, sasa ujaribu kufungua ukurasa."

Akatazama dirishani. "Mama, jua limeingia. Zima hicho kitu." (Nina jina la mama yake, ndiyo maana ananiita hivyo. Na tulikuwa tunaongea Ekegusii, hapa natafsiri.)

"Basi nikusomee kama Mama anavyokusomea, ukariri."

"Ya nini? Si umeniletea macho? Kesho nitasoma mwenyewe."

Akaenda kulala bila neno moja kichwani.

Asubuhi kanisa limejaa. Mzee Abel yuko mbele, mikono kifuani. Tata akasimama na kile kidude, akasoma maneno kumi na tano ya kwanza, sauti imenyooka. Nikashusha pumzi.

Akagusa skrini. Ikakaa vile vile.

Akagusa tena. Akapangusa kidole kwenye koti, akabonyeza kwa nguvu. Wapi. Akarudia sentensi ile ile ya kwanza, polepole, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe. Watu wakaanza kuangalia sakafu. Mimi kucha zangu ziko ndani ya kiganja.

Hapo ndipo nikakumbuka, tena kwa kuchelewa. Vidole vya Tata vimesugua mawe na msasa miaka yote, vimekauka, vimekuwa ngozi ya kiatu. Hata mashine za alama za vidole humkataa. Nilijua! Kazini siwezi kukupa dawa ya kikohozi kabla sijakuuliza maswali matano, na baba yangu sikumuuliza hata moja.

Tata akaweka mashine juu ya meza.

"Ndugu zangu, mimi sioni. Na hii mashine nayo haisikii kidole changu."

Mzee Abel akainuka. Nikajua imekwisha.

"Mwalimu," akasema, "hiyo ya macho tunajua. Kuna Sabato ulitufundisha lesoni yote kitabu ukiwa umekishika juu chini."

Hakuna aliyethubutu kucheka, mpaka Tata mwenyewe alipoanza. Kanisa zima likafuata.

"Tulitaka tu useme," Mzee Abel akaongeza. "Binti yako aje akufungulie."

Nikaenda mbele, nikawa namfungulia kurasa mpaka mwisho. Lesoni ikabaki yake.

Jumatatu nilimchukua tukaenda Kisii, kwa jamaa anayeuza e-reader za mitumba. Nilitaka kuanza hotuba yangu ya specs, Tata akaninyamazisha. Akafumba macho. Akazishika moja moja, akazipima uzito kiganjani anavyopima jiwe kabla ya kulichonga. Ya inchi 10 akairudisha, "Hii itachosha mkono nikisimama." Akafika kwenye ya inchi 7, pembeni ina vitufe viwili vya kubonyeza. Akabonyeza. Tik.

"Hii inanisikia," akasema, macho bado yamefumbwa.

Siku hizi ukikaa benchi ya nyuma kanisani kwetu, unasikia tik, tik, lesoni nzima. Yangu ya inchi 6 ninayo mimi, nasoma kazini, na kila nikigusa ukurasa ukafunguka naona haya kidogo.

Kwa hiyo mdau wa inchi 6 au 7, na wengine mnaonunulia wazazi, karibuni mchangie, mnikosoe pia. Ila kabla hujaniandikia inchi, niambie kwanza: itashikwa na mkono gani, na umeushika lini mara ya mwisho?