Mama Mkwe na Sabuni Isiyotoa Povu

Mama mkwe wangu ni dobi. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili anafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo kando ya mto, karibu na daraja la chuma, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka baharini. Mikono yake imekauka kwa sabuni, lakini ulimi wake haujakauka hata kidogo. Mimi ni mvuvi wa mshipi, tunaishi nyumba moja, na kwa muda mrefu nilijiona ndiye pekee anayejua habari za maji katika familia ile.

Kiangazi kile kilinivua kiburi. Miezi saba bila tone la mvua. Bahari mbele ya mlango wa mto ilikuwa angavu mpaka unahesabu mawe ya chini, na vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Samaki hawayapendi maji ya namna hiyo. Wanauona mshipi kabla ya chambo, na jua likipanda wanakimbilia kwenye kina. Nilijaribu kila nilichofundishwa: mshipi mwembamba, ndoana ndogo, kutoka alfajiri. Wiki tatu nikawa narudi na visamaki ambavyo hata paka alivinusa akaenda zake.

Mwishowe nikamwambia fundi wa gereji kwamba nauza mashua pamoja na injini. Akasema atakuja kuichukua Jumamosi asubuhi. Mashua ile niliiunda na marehemu baba, ubao kwa ubao. Sioni haya kusema kwamba nililia.

Alhamisi jioni mama mkwe akarudi kazini amefura.

"Yule mwenye duka ni mwizi!" alisema, akabwaga kikapu chini. "Kaniuzia sabuni feki. Nasugua weee, povu hakuna!"

"Si ubadilishe duka, Mama," nilimjibu bila kuinua kichwa.

"Nimeshabadilisha! Hata la pili ni yaleyale. Wamekula njama hao."

Mke wangu akacheka. "Mama, labda ni maji."

"Maji yamefanya nini? Nateka mtoni palepale siku zote. Yana kichumvi kidogo tu siku hizi, lakini maji ni maji."

Nikaweka sahani chini. Maji ya chumvi hayatoi povu; hilo anajua kila mvuvi aliyewahi kufulia shati baharini. Mto ulikuwa umekosa mvua, ukakosa nguvu ya kuizuia bahari, na bahari ikapanda mpaka darajani. Bila shaka samaki nao waliifuata. Sisi wavuvi tulikuwa tumejipanga mlangoni tukibisha hodi, na wenye nyumba walishahama. Wahenga walisema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Hawakumjua mama mkwe wangu.

"Kichumvi hicho kimeanza lini, Mama?"

"Wiki ya tatu hii. Kwani wewe umewahi kuniuliza habari za kazi yangu?"

Sikuwa nimewahi. Nikainamisha kichwa.

Ijumaa alfajiri nikapanda mto pamoja na maji yanayojaa. Nilizima injini mbali, nikapiga kasia polepole mpaka chini ya daraja, mahali ambapo mkondo umechimba shimo kando ya nguzo. Hapo pana kivuli, kina na ubaridi. Nikatunga kamba mmoja aliye hai, bila chubwi la kumzamisha, nikaacha mkondo umchukue. Kolekole wa kwanza alivuta mpaka mshipi ukanichana kiganja. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Jua lilipokuwa kali, sakafu ya mashua haikuonekana kwa samaki.

Jumamosi fundi alinikuta nakwangua magamba. Akatazama samaki, akanitazama mimi, akaelewa.

"Basi niuzie wawili," alisema. Mungu ambariki, mwingine angeng'ang'ania ahadi yangu.

Nikachagua kolekole mkubwa kuliko wote, nikampelekea mama mkwe kwa mikono miwili.

"Mama, huyu ni wako. Umeniokolea mashua, na mimi mwenyewe umeniokoa."

"Samaki nala kila siku," alisema. "Mimi nataka kuipanda hiyo mashua."

"Hujawahi kuipanda?"

"Miaka yote hii nakaa na mvuvi. Nani aliniambia karibu?"

Jumapili nilimkunjia blanketi la kukalia, nikamshika mkono akapanda. Hakuogopa hata kidogo. Tulipokaribia daraja akaanza kunyoosha kidole: pale ukingo unashuka ghafla, pale samaki huruka anaposuuza mashuka, kule kuna mti uliozama. Ishirini na miwili ni miaka mingi ya kuutazama mto. Nikapiga kasia kuelekea aliponionyesha.