Maneno ya Annis Raw

Annis Raw alikuwa na ulimi wa upupu, na mimi sina masikio ya kuvumilia. Tuligombana kondoo wake walipokula kabichi zangu, na tangu hapo hatukusalimiana, ingawa huku juu katika bonde la Swaledale, Uingereza, ukuta wa mawe tu ndio uliotutenga. Mumewe alipofariki nilimpelekea keki, nikaiacha mlangoni. Asante sikuipata.

Ndipo akaja Bwana Pilling na pikipiki yake, mtu wa chuo kikuu, akikusanya Kiingereza cha zamani ambacho vijana wetu hawakijui. Jamani, Annis alichangamka! Blauzi ya kanisani akaivaa siku za kazi. Na mjanja yule: maneno alikuwa nayo tele, lakini alimpa mgeni moja moja ili arudi. Nilisikia yote nikipalilia.

"Rigwelted," alisema siku moja. "Kondoo aliyelala chali, hainuki mpaka aje mtu."

"Ni nomino hiyo, Bi Raw, au kivumishi?"

"Ni sifa ya kondoo, mwanangu. Kula mkate kwanza, haraka ya nini?"

Hata maneno yakamwishia. Mwezi wa Oktoba Pilling akaja kwangu.

"Bi Alderson, unalijua neno hesken? Bi Raw anasema ni nomino: kikombe cha pili ambacho mjane hukitoa kabatini kwa mazoea. Asipopatikana mtu wa pili anayelijua, siwezi kuliandika."

Hesken! Nimezaliwa na kuzeeka bonde hili, neno hilo sijalisikia. Kalitunga mwenyewe, maskini. Moyo uliniuma. Nikikana ataumbuka, na mgeni wake hatakanyaga tena.

"Nalijua sana," nikasema. "Mama yangu alilisema kila siku."

"Vizuri! Lilikuwa limebaki hilo tu. Basi bonde hili nimelimaliza, kesho naanza jingine."

Akawasha pikipiki, akashuka zake.

Annis akatoka mbio. "Mbona kanipita? Anarudi lini?"

Miaka yote ile, ndiyo kwanza ananisemesha.

"Harudi, Annis. Alitaka mtu wa pili wa kulijua lile neno lako. Nikamwambia nalijua."



"Mpumbavu wewe, Martha," akasema taratibu. "Ungesema hulijui, angerudi kuniuliza."

Akaingia ndani.