Nilivyokodi Chumvi Kuikausha Nyumba ya Mkunga

Nyumba ilikuwa inatoka jasho.

Haijalala mtu, haijapikiwa hata uji, lakini kuta zote zina unyevu, na ukiugusa ule wa nyuma, mkono unaloa chapa!

Ngoja niwategee kwanza, wajukuu zangu. Hana mdomo, lakini akilala kwako usiku mmoja anakunywa maji ya ukutani. Shikilieni jibu lenu.

Ilikuwa mwaka sabini na tano, kijijini kwetu kupya, upande wa Butiama. Nyumba ya mkunga tulijenga wenyewe, wanaume kwa wanawake.

Bwana Afya akasema, "Ijumaa ijayo nakagua. Nikikuta unyevu, mkunga nampeleka kijiji kingine."

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane. Wa kwanza nilimpoteza juu ya mkokoteni, tukikimbilia Musoma.

Huyu sikutaka azaliwe njiani.

Watu wakaanza maneno. "Ni mizimu hiyo, inalia."

Mizimu gani inachagua ukuta mmoja wa kuulilia zaidi?

Nikaenda dukani kwa Mzee Mayala.

"Shikamoo mzee. Nataka kukodi chumvi."

"Marahaba. Kununua."

"Kukodi. Magunia mawili, ile ya mawe. Nitarudisha."

Akanitazama tumbo, akanitazama uso. "Binti, hiyo mimba imepanda kichwani?"

"Mzee, masika chumvi yako si inalowaga yenyewe hapo dukani? Hayo maji inayatoa wapi? Hewani! Basi ije inywe ya kwangu."

Alicheka mpaka kofia ikadondoka. Akanikodishia kwa jogoo mmoja.

Mchana nilifungua madirisha, nikawasha majiko ya mkaa ya kuazima. Jioni nafunga, natandaza chumvi kwenye makarai. Asubuhi imelowa tepetepe, naianika juani, jioni inarudi kazini.

Kuta tatu zikakauka kau!

Wa nyuma? Unatiririka tu.

Jumatatu, kumepambazuka, nikajibanza kwenye mihogo.

Shwaaa!

Mwanaume ana debe, anaumwagia ukuta maji huku anapiga mluzi.

Mume wangu, Enoka!

"Wewe baba! Mimi nakausha, wewe unaloweka?"

"Wewe unakausha ndani," akasema, wala hana wasiwasi. "Mimi fundi aliniambia nje."

Fundi Ngolo alimalizia lipu ukuta ule, akamwagiza Enoka aumwagilie kila asubuhi ili saruji ishike, asiache mpaka arudi. Kisha akapata kazi Bunda.

Hakurudi. Wiki ya tano hiyo!

"Na watu waliposema mizimu, mbona ulinyamaza?"

"Kila alfajiri niko hapa, sijaonaga hata mmoja."

Nikashika kiuno, nikamkazia macho.

"Nilitaka ukuta usipasuke," akasema taratibu. "Mtoto wetu atazaliwa humo."

Hasira ikaniisha pale pale. Nikalichukua lile debe, nikaligeuza, nikalikalia.

Ijumaa Bwana Afya akapapasa ukuta, akaangalia kiganja. Kikavu.

"Mkunga Justina anakuja Jumatatu."

Nyangi wangu alizaliwa humo, analia kama ndama.

Juzi mwanawe, Florian, kakodi mashine ya kukausha unyevu nyumbani kwake Nyakato. Kabla ya kuichomeka kwenye umeme, fundi akauliza, "Maji yanaingilia wapi?"

Nikacheka mpaka wakaniletea kiti.

Wajukuu, kabla hujakodi cha kukaushia, kabla hujasingizia mizimu, mtafute kwanza mwenye debe. Na ukimkuta, muulize sababu kabla hujamgombeza.

Jibu la kitendawili ni chumvi. Mliosema mkunga, mmekosa. Mliojibu mume, hayo mnayajua wenyewe huko majumbani kwenu.